Kibao cha Wodi ya Mlangala

Haya, sogeeni, wakubwa kwa wadogo, na mwenye kazi mkononi aendelee nayo huku anasikiliza. Hadithi yangu haina sungura wala fisi. Ina kibao kimoja cha mbao, futi nne kwa futi moja na nusu, nimekipaka rangi nyeupe mara mbili, kimekauka, na hakijaandikwa kitu. Kimelala juu ya meza karakanani kwangu. Mimi ni Mrisho, fundi wa kuandika vibao hapa Kata ya Mlangala, na nimeagizwa niandike juu yake jina la mtu mmoja kabla ya Jumatatu. Nimeshindwa, ndiyo maana nimewaita.

Hadithi hii ina watu watatu, na kila mmoja ana kipaji chake.

Wa kwanza ni Bibi Kalunde, mkunga wa jadi. Kipaji chake ni kukumbuka. Mtoto yeyote aliyempokea kwa mikono yake anamjua mpaka leo, alikuja na mvua au na jua, alitanguliza kichwa au miguu. Ukipishana naye njiani ukiwa mtu mzima na mvi zako, anakuambia ulivyomsumbua mama yako, na anasema mbele za watu.

Wa pili ni Gervasi Mhoja, karani wa takwimu wa wilaya. Kipaji chake ni kuona kisichokuwepo. Sisi wengine tukipewa karatasi yenye namba tunatazama zilizoandikwa, yeye anatazama zilizopaswa kuandikwa na hazipo. Hata harusini, watu wakila, yeye anajua ni jirani gani hakualikwa.

Wa tatu ni Mheshimiwa Kashindye, diwani wetu. Kipaji chake ni kusikilizwa. Akisimama, hata watoto wananyamaza. Na alipenda jina lake lionekane, hilo sifichi, maana nimemwandikia mwenyewe kwenye kisima, kwenye stendi na kwenye choo cha soko.

Sasa niwaeleze kilichotokea, na mnivumilie, kwa sababu ni habari ya aibu na mimi nimo ndani yake.

Zamani halmashauri yetu iliamua mambo kwa kelele. Diwani mwenye sauti kubwa ndiye aliyepata kisima, diwani mpole aliondoka na ahadi. Kisha wakapitisha azimio kwamba kuanzia sasa kila uamuzi utatokana na takwimu. Muuguzi atapelekwa kwenye vifo vingi, saruji itakwenda kwenye uhitaji mkubwa. Lilikuwa azimio jema, na mimi nililiandika kwa herufi nyekundu kwenye ukuta wa ukumbi wao. Halmashauri haikubahatisha tena. Ilisoma karatasi kwanza, ndipo ikaamua.

Ila karatasi ya vifo ilianza na safu ya jina la marehemu.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, kwa wageni waliopo. Mlangala mtoto hapewi jina mpaka kitovu kidondoke. Akiondoka kabla ya hapo, wanawake humzika nyuma ya nyumba, pale yanapomwagwa maji ya kuoga. Hakuna matanga. Hatajwi, kwa kuwa tunaamini ukimtaja unamwita anayekuja nyuma amfuate. Wanaume hatuulizi kitu. Mke anarudi jikoni, mume anarudi kazini, na chakula cha jioni kinapikwa kama kawaida.

Basi mhudumu wa afya alipopita nyumba hadi nyumba akiuliza kama kuna aliyefariki, alijibiwa hakuna, na aliyejibu hakujiona anasema uongo. Mhudumu akaandika sifuri. Mwaka wa kwanza sifuri, mwaka wa pili sifuri. Halmashauri ikasoma karatasi, ikaona Mlangala watoto hawafi. Mwezi wa kwanza wa mwaka wa tatu ikamhamisha muuguzi mkunga wa zahanati yetu, ikampeleka kata ya jirani, mwendo wa saa nne kwa miguu. Saruji ya wodi ya wazazi tuliyokuwa tumeahidiwa ikamfuata. Mwaka ulipofunga kwa sifuri ya tatu tukapewa cheti, na nikaitwa niandike kibao cha kusimamishwa barabarani: KARIBUNI MLANGALA, HAKUNA KIFO CHA MTOTO MCHANGA MIAKA MITATU. Nilikiandika kwa buluu nikatia kivuli cha rangi ya dhahabu. Watu walipiga picha mbele yake.

Si kwamba hakuna aliyejua. Hapo ndipo aibu ya kila mmoja inapoanzia.

Bibi Kalunde alijua. Ana kibuyu kidogo, na kila anapoondoka mtoto asiye na jina yeye hutia mbegu moja ya nyonyo ndani yake. Muuguzi alipohamishwa, alikifunga kibuyu kwenye pindo la khanga akaenda ofisini kwa diwani kuomba muuguzi arudishwe. Diwani akamkaribisha kiti, akamwagizia soda, akamuuliza kwa upole ni nani anayekufa, maana karatasi zinasema hakuna. Bibi Kalunde akaangalia chini. Mkono wake ulikuwa juu ya kibuyu. Alikunywa soda yake, akashukuru, akarudi nyumbani.

Gervasi naye alijua kidogo, kisha akaacha kujua. Mama mmoja alivunja mwiko, akamwambia mhudumu wa afya kwamba alizaa na mtoto akakaa siku mbili. Mhudumu akaipeleka fomu wilayani, safu ya jina ikiwa wazi. Kompyuta ikaikataa. Gervasi alikuwa na kazi nyingi na chai inapoa, akamwambia kama hana jina amwache. Alisema hivyo mara moja tu, na mhudumu hakuleta tena fomu kama ile.

Na diwani? Diwani alikuwa na macho. Alizika ndugu, alihudhuria uzinduzi wa kliniki, aliona wanawake wanaokwenda na matumbo na kurudi na mikono mitupu. Lakini sifuri ilikuwa tamu. Aliitia kwenye hotuba, na uchaguzi ulipokaribia akaitia kwenye mabango, ambayo mwandishi wake mnamjua.

Sasa msikie walivyojirudi.

Gervasi ndiye aliyeanza. Siku moja alikuwa anapanga mafaili, akaweka daftari la kliniki ya wajawazito kando ya daftari la chanjo ya kwanza. Kwa miaka mitatu wanawake mia nne na kumi na wawili wa Mlangala walihudhuria kliniki. Watoto walioletwa chanjo walikuwa mia tatu sabini na mmoja. Akatoa. Arobaini na mmoja. Akakumbuka ile fomu na ile chai. Kuanzia wiki hiyo, kila Jumamosi alipanda baiskeli akaja Mlangala kugonga milango. Kila mlango ulimjibu hakuna. Alifika hata karakanani kwangu. Akasimama pale nilipokuwa nakausha mabango ya diwani, akaniuliza kwa adabu kama nyumbani kwangu tulipata msiba wa mtoto. Nikamwambia hakuna, fundi ana kazi.

Mwishoni akafika kwa Bibi Kalunde, akauliza tofauti na wote. Hakumuuliza wamekufa wangapi. Alimuuliza amepokea watoto wangapi, na wako wapi.

Bibi Kalunde akainuka. Kisha akaingia ndani, akatoka na kibuyu na ungo, akatenga kwenye ungo mbegu za miaka ile mitatu. Akazishika moja moja. Huyu alikuja na kamba shingoni. Huyu alilia mara tatu. Huyu mama yake alitoka damu, na muuguzi alikuwa ameshahamishwa. Gervasi aliandika mstari baada ya mstari bila jina lolote, hadi zikafika thelathini na nane. Tangu siku hiyo baadhi ya wanawake waliacha kumsalimia Bibi Kalunde. Walisema amewaita waliolala. Binti wa jirani yake alipopata uchungu, waliita mkunga mwingine, naye Bibi Kalunde alisikia kelele za uzazi kupitia ukutani akiwa ameketi peke yake. Kwa mkunga mwenye miaka hamsini ya kazi hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo.

Gervasi akaandika ripoti. Arobaini na mmoja waliokosekana: thelathini na nane wamefariki, wawili wamehama na mama zao, mmoja hajulikani aliko. Mkuu wake akamwonya kwamba wilaya imepokea cheti kwa sifuri ile, na karatasi kama hii itavua watu nguo. Akamshauri aiache mpaka uchaguzi upite. Gervasi akaitia saini siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata alihamishiwa stoo, na mpaka leo anahesabu mafagio na ndoo.

Ripoti ikalala kwenye droo. Karani haruhusiwi kusimama barazani, wala mkunga haruhusiwi, anayeruhusiwa ni diwani. Basi wakaenda wawili hao nyumbani kwa Mheshimiwa Kashindye. Gervasi akamkabidhi nakala. Bibi Kalunde akaweka kibuyu juu ya meza, akasema, "Siku ile ya soda nilikuwa nacho, mwanangu. Kilikuwa hapa kwenye khanga."

Diwani akaisoma nakala pale pale, akaitia mfukoni. Baraza lilipokaa, miezi mitatu kabla ya kura za maoni, alisimama, na ukumbi ukanyamaza kama kawaida yake. Nilikuwa nje dirishani, nimeitwa kurekebisha herufi zilizobanduka ukutani, nikasikia kila neno.

"Waheshimiwa," alisema, "mnaniona na mabango yangu. Ni ya uongo. Mkunga alikuja kwangu akiwa amewafunga watoto kwenye khanga, nikamwambia hakuna anayekufa. Tulisema tutaamua kwa ushahidi. Ushahidi ulikuwa umeketi mbele yangu, mimi nikaupa soda."

Akasoma ripoti yote, mstari kwa mstari, thelathini na nane. Baraza likaamua siku hiyo. Muuguzi akarudishwa, saruji ikarudi, safu ya jina ikafutwa kwenye fomu. Kibao cha barabarani nilikwenda kuking'oa mwenyewe, mchana, watu wakinitazama. Kura za maoni zilipopigwa, diwani alishindwa vibaya. Wajumbe walisema mtu anayejivua nguo mwenyewe atawavua na wao.

Wodi imekwisha. Ina vitanda sita na taa ya jua, inafunguliwa Jumatatu. Barua imekuja kutoka halmashauri: wodi ipewe jina la mtu mmoja aliyeleta mabadiliko haya. Mmoja tu. Niliuliza kama majina matatu yanaweza kuingia, nikaambiwa barua imeshasainiwa.

Mkutano wa kijiji ulivurugika. Wanawake, hata wale waliokuwa hawamsalimii, walimtaka Bibi Kalunde, maana bila kibuyu kusingekuwa na cha kuandika. Walimu walimtaka Gervasi, kwani mbegu ndani ya kibuyu zingebaki mbegu, na pengo aliliona yeye. Wazee walimtaka Kashindye, wakisema karatasi isiyosomwa barazani ni ya kufungia vitumbua. Kila upande ulisema kweli, tukaondoka bila jibu, na mwenyekiti akasema basi fundi ataandika litakaloamuliwa, kama vile uamuzi ungeshuka wenyewe juu ya mbao.

Kisha wakaanza kuja karakanani, mmoja mmoja.

Bibi Kalunde alikuja Jumanne. Alisema nisimwandike. Kila mama atakayeingia pale na uchungu wake atasoma jina la mtu aliyejua akanyamaza miaka yote ile. Akasema niandike la karani, kijana aliyejua kuuliza.

Gervasi alikuja Jumatano na vumbi la stoo mabegani. Alisema nisimwandike. Aliyemwambia mhudumu amwache asiye na jina ni yeye, na sasa jina lake likae mlangoni? Akasema niandike la diwani, maana huyo ndiye aliyekiri mbele ya watu wengi zaidi.

Mheshimiwa Kashindye alikuja siku ile ile mchana. Nilidhani amekuja kuchagua rangi. Alivua kofia, akakitazama kibao, akasema, "Fundi, umeniandika mpaka chooni. Hapa usiniandike." Akasema niandike la Bibi Kalunde, akavaa kofia akaondoka.

Mnaona nilivyobaki. Wote watatu wanastahili, na wote watatu wanasukumana kwa sababu wanaona haya. Nikajidai kwamba ninawahukumu kwa haki, nikapima huyu na yule, nikachovya brashi nikaifuta. Nilifanya hivyo siku nzima ya Alhamisi.

Mke wangu, Mama Sikitu, akaniletea chai. Akakitazama kibao cheupe, akanitazama mimi.

"Baba Sikitu," alisema, "karani aliandika mmoja hajulikani aliko. Mimi ninajua aliko. Na wewe unajua."

Nilijua. Mwezi wa tatu wa mwaka ule wa tatu, muuguzi akiwa ameshahamishwa, mke wangu alishikwa na uchungu tukiwa njiani kwenda kata ya jirani. Alizaa kando ya barabara na wanawake wawili wa kupita. Mtoto alipumua kidogo, akaacha. Wale wanawake walinipa mgongo nami nikawapa mgongo. Bibi Kalunde hakuwepo, kwa hiyo kwenye kibuyu mbegu yake haimo. Mtoto alizikwa nyuma ya nyumba yangu. Mwaka ulipofunga nikaandika HAKUNA KIFO kwa buluu, nikatia kivuli cha dhahabu, na wote waliosifu mwandiko nikawapokea sifa zao. Karani aliponijia karakanani nikamwambia hakuna. Ushahidi uliosomwa barazani, ule tulioupigia makofi, ulipungukiwa na mmoja, na aliyeupunguza ni mimi.

Nikaiacha chai, nikaenda stoo. Gervasi alikuwa anahesabu ndoo. Nilipomweleza hakunilaumu. Alitoa fomu mpya, ile isiyo na safu ya jina, akaandika tarehe, akaandika kata. Kisha akauliza swali la kwanza la fomu mpya.

"Wa kike au wa kiume?"

Nikasimama pale. Kalamu yake ilikuwa inasubiri. Sikujua. Sikuwahi kuuliza, ndugu zangu, na huyo ni mwanangu.

Gervasi akaiweka kalamu chini, akasema niende nikaulize, atanisubiri. Nikarudi nyumbani. Mke wangu alikuwa anachambua maharage uani, mgongo wake ukielekea pale mahali. Nikauliza. Hakuinua macho. Alisema, "Wa kike. Alikuwa na kucha ndefu." Akaendelea kuchambua, na mimi nikaketi chini kando yake, nikalia, jambo ambalo wanaume wa Mlangala hatulifanyi kwa mtoto wa namna ile. Kisha nikarudi stoo, Gervasi akaandika. Sasa ni thelathini na tisa.

Leo ni Ijumaa. Kibao bado kiko mezani, kina nafasi ya jina moja. Yupo aliyekumbuka wakati sisi sote tumesahau, na alinyamaza. Yupo aliyeona pengo akalifuata kwa baiskeli, na pengo hilo alilifungua yeye. Yupo aliyesema kweli mahali ilipomgharimu, baada ya kuula uongo wake kwanza. Mimi simo, na anayetaka kunitaja kwa huruma aache.

Brashi nimeilowesha kwenye mafuta ya taa, inalainika. Je, wewe ungeniambia niandike la nani? Fikiri kabla hujajibu. Jumatatu Mama Sikitu atapita mlangoni pale, atasimama, na atalisoma kwa sauti.